Tonge la Bibi Meno

Shangazi hana mdomo, lakini anauliza maswali kuliko shangazi yeyote mwenye mdomo. Unasimama mbele yake, unatema mate kwenye kikombe chake, anakaa kimya kama anayekuchambua, halafu anakutangazia kwa sauti ya taarifa ya habari kama figo zako ni hodari au ni zembe. Foleni nzima inasikia. Jina lake halisi limeandikwa ubavuni, herufi na tarakimu kumi na nne, na hakuna aliyewahi kulisoma hadi mwisho isipokuwa mimi, kwa sababu kazi yangu ni kumpangusa vumbi.

Asubuhi hiyo foleni ya Bomba la Kahawia ilikuwa imeshapita kwa fundi cherehani. Ya Bomba la Bluu ilikuwa fupi kama kawaida: watu wenye nafasi zao, ndoo ndogo za lita kumi, na zile nyuso za watu wasiopenda kuangaliwa. Mgeni akifika hudhani maji ya kahawia ni machafu. Wapi! Ni meupe, ya baridi, hata matamu. Kahawia ni meno ya wanaoyanywa.

“We Sifaeli!” Dada yangu Ndeshukurwa alikuwa ametoka kwenye foleni, jambo ambalo hapa Nkoamuro mtu hulifanya labda akiwa anaungua. “Acha kupangusa hilo bati. Njoo umwone mwanao.”

Mwanangu, yaani mpwa wangu Naishi, miaka saba, alikuwa amesimama nyuma ya sketi ya mama yake, kiganja mdomoni.

“Shikamoo, Mjomba,” akasema ndani ya kiganja.

“Marahaba. Mbona salamu imekuja imefungwa kama kifurushi?”

Akacheka, lakini mkono haukutoka. Wiki mbili nyuma alikuwa ametupa jino la utoto juu ya bati la nyumba yao, akamwimbia panya amletee jipya, kama tulivyofanya sote.

“Panya amekuletea jino gani? La mbuzi?”

“Mwonyeshe,” Dada akasema. Hakuwa anacheka.

Naishi aliushusha mkono polepole, kama mtu anayefungua mlango wa choo bila uhakika kama ndani kuna mtu. Meno mawili ya mbele, mapya, ndiyo kwanza yanachomoza. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na vishimo vishimo kama ubao uliopitiwa na mchwa.

Kifuani kwake kadi yake ilining'inia kwenye uzi, ile niliyomwandikia mwenyewe akiwa na miezi saba. MPITISHAJI, imeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Ngoja nieleze, maana wengine mnaishi mahali ambako maji ni maji tu.

Maji ya mlima wetu yametoka kwenye majivu ya volkano yakiwa yamebeba floraidi. Floraidi kidogo inalikaza jino. Nyingi, na yetu ni nyingi, inamvuruga fundi. Fundi ninayemsema ni chembe ndogo zilizojificha ndani ya ufizi wa mtoto, zinatandaza enameli, ile ngozi ngumu ya jino, tabaka juu ya tabaka, miaka kabla jino halijaonekana. Floraidi ikizidi, fundi anaacha matundu kwenye ukuta. Humwoni akikosea. Unakuja kuona mtoto ana miaka saba na nyumba imeshaezekwa. Na ikishamaliza meno inahamia kwenye mifupa. Mtoto anapata matege, mtu mzima anapinda mgongo. Baba yangu alipinda hivyo. Siku ya kumzika, seremala alilazimika kuliongeza jeneza kina, kwa sababu hakuna aliyetaka kumnyoosha kwa nguvu.

Lakini miili haifanani. Wapo ambao figo zao zinaikojoa floraidi karibu yote. Hao ni wapitishaji. Wapo ambao miili yao inaishikilia kama kumbukumbu ya ugomvi. Hao ni watunzaji. Ni jeni, unazaliwa nazo, hujachagua. Kwa miaka michache haikuwa na maana sana, kwa sababu tulikuwa tumeletewa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kila mtu akanywa. Kisha mvua zikakata miaka tisa, ng'ombe wakaisha, mifupa ikaisha, na Bodi ya Maji ikamleta Shangazi atuchambue. Mkaa uliobaki unachuja lita mia sita kwa siku. Nafasi sitini, za watunzaji waliokwisha kuonekana. Wapitishaji wanywe ya kahawia, miili yao itajijua.

Mimi ni mtunzaji. Meno yangu yana rangi ya kiatu cha mgambo, ila nimepewa nafasi ili mgongo usinipinde kama wa Baba. Dada ni mpitishaji kama Mama. Na Naishi ni mpitishaji. Imeandikwa.

“Tema hapa,” nikamwambia.

Akatema kwa adabu, akafuta mdomo. Shangazi akachambua.

“Matokeo,” akatangaza. “Mtunzaji.”

“Rudia,” nikamwambia.

“Matokeo. Mtunzaji.”

Foleni mbili nzima ziligeuza shingo. Dada akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akaminya.

“Sifa. Mwanangu amekunywa ya kahawia miaka sita.”

*

Kwa kawaida Shangazi husoma mistari sita tu ya jeni, ile inayohusu figo, mifupa na enameli, kwa sababu betri zake zinakula jua kama walevi. Ukimlazimisha asome jeni zote za mtu, anatumia nusu siku na anapata joto kama pasi. Nilimlazimisha. Mate yote tunayopima hukaushwa kwenye kipande cha karatasi na kuhifadhiwa kwenye droo. Nikatoa karatasi ya Naishi ya miaka sita iliyopita nikamlisha. Waliotaka kupimwa niliwaambia Shangazi ana mafua.

Saa tisa alasiri akanijibu.

“Sampuli ya kadi namba mia tatu na moja. Mwenye mate si mwenye kadi. Mwenye mate: Ndeanasia, mwanamke, kadi namba kumi na mbili.”

Nilicheka. Kweli nilicheka, peke yangu, mbele ya mashine. Ndeanasia ni mama yangu mzazi. Nikawaza, mama yangu ameingiaje kwenye kinywa cha mtoto wa miezi saba?

Kisha nikaikumbuka ile ndizi, kicheko kikaisha.

Hapa Nkoamuro, Mama haitwi Ndeanasia. Anaitwa Bibi Meno. Amekunywa maji haya tangu azaliwe, na meno yake yote thelathini na mbili ni meupe kama sahani ya wageni. Kijiji kizima tunacheka tukiwa na mkono mdomoni, ni tabia, hata mtoto asiye na jino anafanya. Mama peke yake ndiye anacheka mdomo wazi, kichwa nyuma, mpaka unamwona koo. Na tangu zamani kina mama wa hapa wana desturi: mtoto akianza kula, tonge lake la kwanza litafunwe na mwenye meno mazuri, ili meno yake yamfuate huyo. Mama anachukua ndizi iliyochemshwa, anaitafuna mpaka inakuwa uji, anamtia mtoto kwa kidole. Hajawahi kupokea hata yai.

Alipokuja Shangazi, desturi ikapata kazi mpya. Kadi hutolewa mtoto akiwa na miezi sita hadi minane, umri uleule wa tonge la kwanza. Na nyumba ya Mama iko kando ya njia ya kuja kituoni. Basi ikawa siku ya kadi mtoto anapitishwa kwanza kwa Bibi Meno, analishwa, ndipo analetwa kwangu. Wale waliolishwa wakatoka wapitishaji. Mwaka ambao Mama aliugua asitafune, watoto wengi wakatoka watunzaji. Watu wakaona. Watu si wajinga, waliona kabisa kwa macho yao kwamba tonge linafanya kazi. Na mimi niliyesoma sekondari nikaona hivyohivyo, nikasema ni bahati.

Ukutani kwangu kuna bango: MTOTO ASILE KITU KWA SAA MOJA KABLA YA KUPIMWA. Nimelibandika mimi. Siku ya Naishi alikuja mashavu yamejaa ndizi, nami nikasema, “Huyu amekuja na chakula chake cha safari,” watu wakacheka, nikachovya kijiti cha pamba humohumo ndani ya ndizi. Ningemwambia nini Mama? Kwamba mate yake ni uchafu? Mbele za watu?

“Shangazi,” nikauliza, “kuna kadi nyingine zenye mate ya Ndeanasia?”

Kulinganisha ni rahisi kuliko kusoma. Hakuchukua hata dakika kumi.

“Kadi ishirini na tatu.”

*

Bwana Rwezaula, msimamizi wetu wa Bodi kule mjini, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Alinisikiliza kwenye redio mpaka mwisho, akakohoa.

“Ishirini na tatu. Na wote ni watunzaji?”

“Sijui, Mkuu. Mpaka wateme upya. Mate tuliyo nayo ni ya mama yangu.”

“Wamelalamika?”

“Bado hawajaota meno ya ukubwani, Mkuu. Mkubwa wao ndiyo huyu mpwa wangu.”

Nilisikia anafungua kitu, labda pipi.

“Sifaeli, mimi sina mifupa. Ningekuwa nayo ningekuletea hata kwa mgongo. Nafasi ni sitini. Si mmezika mzee mmoja juzi?”

“Mzee Kitomari.”

“Basi iko moja wazi. Mwandike mpwa wako humo. Sababu andika kadi ilipata maji. Hizo nyingine ziache. Ukizifungua, utawapunguzia wale hamsini na tisa, na kati yao wapo watoto wa miaka miwili ambao fundi wao bado anajenga, kama unavyopenda kusema. Utawaharibia hao ili uwatengeneze hawa. Hiyo ndiyo haki?”

“Sijui, Mkuu.”

“Hata mimi sijui. Ndiyo maana nakuambia uandike moja.”

Nilipokata redio, Dada alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alikuwa amembeba Naishi mgongoni, msichana wa miaka saba, miguu inaning'inia. Nikaitazama miguu ile kama sijawahi kuiona. Magoti yalikuwa yameanza kukimbiana.

“Umemsikia bosi wako,” akasema.

“Nimemsikia.”

“Meno ya mbele yamekwisha kwenda. Ya nyuma bado yako ndani, si ndivyo? Na mifupa bado.”

“Bado. Mwaka mmoja, miwili.”

“Basi mwandike.”

“Dada, wako ishirini na wawili wengine. Huyo wa fundi cherehani, wale pacha wa kwa…”

“Sifa.” Alilitamka jina langu taratibu, kama tulivyokuwa wadogo akinitoa mwiba. “Wana mama zao.”

Nilifungua daftari la nafasi. Mstari wa Mzee Kitomari ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na chini yake mstari mtupu, mweupe. Nikashika kalamu. Nitakuambia ukweli, niliandika herufi N. Kisha nikasema nataka kwanza kumwona Mama.

*

Mama alikuwa uani kwake, sufuria ya ndizi mbele yake, na mgeni. Mgeni ni Akyoo, aliyekuwa na bucha enzi za ng'ombe, mtu mpana kama kabati, sasa anauza kuku wembamba. Mapajani alikuwa na mtoto wake wa pili, miezi saba, kavaa kofia ya sufi.

“Karibu, msoma mate!” Akyoo akaniita. “Kesho namleta huyu kwako. Mama yake ana homa, lakini nimesema hata mvua ya mawe, mwanangu hakosi tonge. Yule mkubwa alilikosa, mwaka ule Bibi anaumwa, si unaona? Katoka mtunzaji. Foleni ya bluu kila siku kama mfungwa. Huyu leo anafanya mazoezi, kesho mechi.”

Mama akacheka, mdomo wazi, kichwa nyuma. Alikuwa ameshatia kipande cha ndizi kinywani.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Mbona uso umeukunja kama chapati ya jana?” Akatoa uji wa ndizi kwa kidole, akamsogelea mtoto. Mtoto akafungua mdomo.

Nikamshika Mama mkono.

Sijawahi kumshika Mama mkono namna hiyo. Akyoo aliacha kutabasamu. Mtoto akabaki ameachama, akingoja.

“Usimpe,” nikasema.

“Kuna nini? Nina kidonda?”

“Mama, Shangazi alipompima Naishi, hakumpima Naishi. Alikupima wewe.”

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya figo na kadi na karatasi, lakini Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili. Uji wa ndizi ulikauka kwenye kidole chake wakati namalizia. Hakulia. Alikifuta kidole kwenye kanga, akakitazama.

“Wangapi?”

“Ishirini na tatu.”

“Naishi,” akaanza. Akakunja kidole kimoja. “Huyu alininyonya kucha mpaka ikauma. Pacha wa kwa Nanyaro. Kulwa alitema, Doto akala la mwenzake. Wa fundi cherehani. Elibariki wa pale darajani, aliyenitapikia…”

Aliwataja wote. Daftari hana, kusoma anasoma kwa shida, lakini alimtaja kila mmoja na alivyokula. Akyoo alikuwa anasikiliza huku amemkumbatia mtoto wake kwa mikono yote miwili, kama kuna mtu anataka kumchukua. Alipofika wa ishirini na tatu, Mama akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu alasiri.

“Wewe uliwaona wanakuja na chakula mdomoni?”

“Niliwaona.”

“Na bango ulibandika mwenyewe?”

“Ndiyo, Mama.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuonea aibu, Mama. Yaani, niliogopa kukuaibisha.”

Alitikisa kichwa pole pole.

“Ungeniaibisha siku moja,” akasema. “Ningekununia hadi Krismasi. Basi.”

Akyoo akasimama, kofia ya mtoto imemponyoka, hakuiokota.

“Nafasi ziko ngapi wazi?” akaniuliza.

“Moja.”

“Na umemwandika nani?”

Akanitazama, akamtazama Mama, akaondoka na mtoto wake. Nilibaki na ile sufuria.

“Herufi moja tu,” nikamwambia Mama, ingawa hakuuliza.

“Basi kamalizie,” Mama akasema. “Lakini usimalizie peke yake. Ukimwandika peke yake, huyo mtoto atasoma shule moja na Kulwa na Doto, atawaona wanapinda, na atajua ni kwa nini yeye hakupinda. Nimemlisha mara moja kitu kisicho chake. Inatosha.”

*

Asubuhi nilifika kabla ya foleni. Niliandika majina ishirini na matatu kwenye daftari la nafasi, mstari wa Mzee Kitomari, kisha mstari wangu niliojikata mwenyewe kwa wino mwekundu, kisha pembezoni, kisha nyuma ya jalada. Hesabu haikunipa shida: wakati mwingine hesabu ni ngumu kwa sababu ni rahisi. Lita mia sita, watu themanini na mmoja. Nikachukua ndoo ya kupimia ya Bomba la Bluu, nikaufuta ule mstari wa kumi kwa msasa, nikachora mpya kwa msumari. Lita saba.

Nilijua Bodi wataona usiku huo, Shangazi hupeleka taarifa mwenyewe. Nilijua pia Rwezaula atakuja na mtu mwingine wa kushika msasa. Lakini kabla hajafika, ishirini na watatu watakuwa wametema mate yao wenyewe, na mate yakishasomwa hayarudi mdomoni. Watakaotoka wapitishaji kweli watarudi kwenye kahawia na mstari utapanda. Watakaobaki, watabaki. Hiyo ndiyo mipango yangu yote. Naomba usinicheke, sina mingine.

Wa kwanza kwenye bluu alikuwa Akyoo, na ndoo ya mwanawe mkubwa. Nilifungua bomba, maji yakapanda hadi saba, nikafunga. Aliutazama mstari. Mtu yule akikupiga kofi, unaamkia wilaya nyingine.

“Mwanangu anakunywa kumi,” akasema.

“Najua.”

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Mtu akaniita mwizi, mwingine akamwita mama yangu mchawi. Habari zilikuwa zimeshalala kwenye kila nyumba. Akyoo alisimama akiwa ameshika mshikio wa ndoo, mishipa ya shingo imemtoka. Akafungua mdomo. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshaondoka na lita zake saba, anatembea pole pole asimwage. Hakunitukana wala hakunishukuru.

Dada alikuwa wa nne, na Naishi mkononi. Alikuja amevaa gauni la kanisani. Alidhani siku hiyo ni siku.

Niliijaza ndoo yake hadi kwenye mstari. Aliinama akatazama ndani, akaniangalia.

“Saba?”

“Saba, Dada.”

“Baba alipinda kwa maji haya, Sifa. Umemwona. Umemkanda mgongo. Halafu mwanangu unampimia saba?”

“Na wale ishirini na wawili saba.”

“Mimi sikuzaa ishirini na wawili,” akasema, bila kupandisha sauti, na nadhani hataongea nami tena mwaka huu. Tatu zilizopungua Naishi atazijazia na ya kahawia, kiu haijui kadi. Alijua. Nilijua. Mtoto peke yake ndiye hakujua. Alikuwa anamwangalia Bibi yake anakuja.

Mama alikuwa anatembea katikati ya foleni mbili, amejifunga kanga mbili na kilemba, kama anaenda kutoa mahari. Watu walimpisha. Akasimama kando ya Shangazi.

“Hii inatoa sauti?” akaniuliza.

“Inatoa, Mama. Lakini ngoja, nitasoma mimi.”

“Utasoma nini? Uliwahi kulisha hata mmoja?”

Nikamwashia kipaza sauti cha Shangazi. Mama alikohoa, sauti yake ikaenda hadi kwa fundi cherehani.

“Nitataja watoto,” akasema. “Mama akisikia wa kwake, aje naye ateme upya. Asimlishe kitu. Maji tu, na akiosha mdomo asubiri. Naishi wa Ndeshukurwa. Kulwa na Doto wa Nanyaro. Wa kwako, fundi. Elibariki wa darajani.”

Alikuwa anataja, na kwa kila jina mwanamke mmoja kwenye foleni ya kahawia aliweka ndoo chini. Ilikuwa inasikika, plastiki kwenye changarawe, moja, nyingine, nyingine. Hakuna aliyepiga kelele. Mke wa fundi cherehani alimshika mwanawe kidevu, akamfungua mdomo, akachungulia ndani ya ufizi kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka kisimani. Hakuna cha kuona humo. Fundi hujenga gizani.

Alipomaliza la ishirini na tatu, Mama alizima kipaza sauti mwenyewe. Mwanamke mmoja, sitamtaja, akamwuliza kutoka mbali, kwa upole kabisa, “Bibi, na muda wote huo ulikuwa unacheka nasi?”

Mama akafungua mdomo ajibu. Meno yale yakaonekana, yote, meupe, kwenye jua la saa mbili asubuhi, mbele ya kijiji chenye meno ya chai. Naona alihisi jinsi yanavyoonekana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama aliinua pindo la kanga akafunika mdomo.

Naishi akamponyoka mama yake. Alimfikia Bibi yake, akanyoosha mkono, akaivuta ile kanga chini, kama Bibi mwenyewe alivyomvuta yeye kiganja, kwa maneno yaleyale, tangu aanze kusema.

“Funua, Bibi,” akasema. “Kucheka si kuiba.”

Kanga ikashuka. Nyuma yake hapakuwa na kicheko. Naishi alingoja kidogo, huku meno yake mawili mapya yakiwa wazi, kisha akarudisha kiganja chake mdomoni, akasogea pembeni.

“Tafadhali tema mate kwenye kikombe,” Shangazi akasema, na Nanyaro akamsukuma Kulwa mbele.